Picha Bila Kamera: Somo la Chumba cha Giza kwa Wanaoanza

Leo naomba tuweke pembeni kidogo mambo ya viza, kodi za vyumba na kazi za usiku, niwaletee somo la mikono. Nataka tujifunze kutengeneza picha za vitu kwa kutumia karatasi ya picha, taa na dawa tatu, bila kugusa kamera. Picha ya namna hii inaitwa fotogramu.

Si lazima uwe mwanafunzi wa sanaa. Mimi nasomea uhandisi wa maji. Hili la picha nililidandia kama somo la hiari mwaka wa pili, kwa sababu ratiba yake haikugongana na maabara, basi. Lakini limenikamata mpaka leo. Hapa Uingereza vyuo kadhaa bado vina chumba cha giza, mara nyingi kipo ghorofa ya chini kabisa, na mara nyingi ni kitupu kwa sababu kila mtu ana kamera kwenye simu. Uliza klabu ya picha ya chuo chako. Ukikuta kipo, hilo ni shamba lenye rutuba ambalo halina mkulima.

NILIVYOANZA KWA KUKOSEA

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kupanga vitu vitano na kuvitoa picha. Mwalimu alipofika kwangu akasema, kwa nia njema kabisa, "Wewe leta kitu cha kwenu." Nikaelewa alichotaka. Jumamosi nikaenda soko la barabarani nikanunua twiga wa mti, mkubwa kama mkono, na kibuyu kidogo chenye shanga. Kwetu hakuna mtu mwenye twiga wa mti ndani ya nyumba. Nilimwona twiga kwa karibu mara moja tu maishani mwangu, tena nikiwa ndani ya basi. Lakini nikajisemea, hiki ndicho watakachokielewa.

Nikaingia chumba cha giza, nikamlaza twiga juu ya karatasi, nikawasha taa, nikasafisha. Kilichotokea ni doa jeupe lenye shingo kwenye uwanja mweusi. Jirani yangu, msichana kutoka Wales, akauliza kama ni soksi. Kibuyu nacho kikatoka kama balbu ya taa. Wakati huohuo yeye alikuwa ameweka wavu wa plastiki wa vitunguu na kijani kimoja cha kabichi. Picha yake ilikuwa na mishipa, na kila uzi ulionekana. Ilikuwa nzuri mpaka nikaona wivu.

Nilikuwa sijaelewa jambo moja dogo ambalo ndilo msingi wa somo hili lote. Karatasi ya picha haijui jina la kitu wala bei yake, na haijui kimetoka bara gani. Inajua tu ni mwanga kiasi gani umepita na kiasi gani umezuiwa. Twiga wa mti hapitishi mwanga, kwa hiyo yote aliyochongewa na fundi, macho, madoa na masikio, hayafiki kwenye karatasi. Hubaki mstari wa nje tu.

FOTOGRAMU NI NINI?

Karatasi ya picha imepakwa chumvi za fedha ndani ya utando mwembamba wa jelatini. Mwanga ukizigusa, hubadilika kwa namna ambayo jicho halioni. Ukiitia karatasi kwenye dawa ya kusafishia, palipopata mwanga panageuka kuwa fedha halisi, chembe ndogo sana zinazoonekana nyeusi. Palipofunikwa panabaki peupe. Palipopata mwanga kidogo, kwa mfano chini ya kitambaa chepesi, panakuwa kijivu. Kwa hiyo ni picha ya vivuli iliyogeuzwa: kivuli ni cheupe, na mahali pa wazi ni peusi.

Ufundi huu una umri sawa na upigaji picha wenyewe. Mwingereza William Henry Fox Talbot alikuwa hajui kuchora. Mwaka 1833, akiwa ziwa Como nchini Italia, alijaribu kuchora mandhari akashindwa, akaanza kuwaza jinsi ya kuufanya mwanga ujichoree wenyewe. Mwaka 1834, nyumbani kwake Lacock Abbey huko Wiltshire, akawa anapaka karatasi chumvi na nitreti ya fedha, anaweka juu yake majani na vipande vya lesi, anaanika juani. Mliopo kusini mwa Uingereza, Lacock ina makumbusho yake. Ni safari nzuri ya siku moja.

Mwaka 1843 mama mmoja, Anna Atkins, akaanza kutoa kitabu cha mwani wa Uingereza. Alilaza mwani halisi juu ya karatasi yenye dawa za chuma zinazotoa rangi ya buluu, akaweka juani. Kitabu hicho huhesabiwa kuwa cha kwanza duniani kupambwa kwa picha za mwanga. Hata maandishi ya ndani ni mwandiko wake mwenyewe uliochapwa kwa mwanga. Kumbukeni hilo la mwandiko, nitalirudia.

Katika miaka ya 1920 wasanii wa Ulaya wakauokota ufundi huu upya. Man Ray, Mmarekani aliyekuwa Paris, alitoa mwaka 1922 mkusanyo wa picha 12 za vitu vya kawaida vilivyowekwa juu ya karatasi. László Moholy-Nagy, aliyefundisha Bauhaus huko Ujerumani, ndiye aliyelieneza jina la fotogramu. Na kwa wale wanaodhani kitu cha kuokota hakina hadhi, Irving Penn aliokota vipande vya sigara mitaani New York. Yeye alitumia kamera, akavichapa kwa ustadi kwenye karatasi ya platinamu, na mwaka 1975 vikatundikwa katika jumba la sanaa la MoMA.

Kwetu pwani pia hatukuwa nyuma katika kucheza na chumba cha giza. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, fundi aliyejifundisha mwenyewe, alijulikana kwa picha za kuunganisha, sura ya mtu ikawekwa pamoja na vitu vingine ndani ya picha moja. Alifanya hivyo kwa mikono, kabla kompyuta haijafika mtaani. Kwa hiyo usimkubalie mtu akikwambia haya ni mambo ya Wazungu tu.

VIFAA

Vingi utavikuta chumba cha giza. Hivi ndivyo vya lazima:

1. Karatasi ya picha ya rangi nyeusi na nyeupe. Anza na ile yenye utando wa plastiki, inaoshwa haraka na inakauka haraka. Ile ya nyuzi tupu ni ghali zaidi na inataka subira, lakini ndiyo nzuri kwa kupaka rangi na chai, kama tutakavyoona.

2. Taa nyekundu ya usalama. Karatasi hii karibu haioni wekundu. Ndiyo maana tunaweza kufanya kazi bila kupapasa.

3. Mashine ya kukuzia picha. Sisi tutaitumia kama taa tu. Ukiipandisha juu na kuifunga lenzi hadi namba 8, mwanga unashuka sawasawa na unapimika kwa sekunde.

4. Trei tatu za dawa na moja ya maji: dawa ya kusafishia, dawa ya kusimamishia, na dawa ya kukazia. Kila trei na koleo lake. Usichanganye koleo hata kwa bahati mbaya.

5. Kipande cha kioo safi chenye kingo zilizosuguliwa, kwa kukandamiza vitu vyembamba.

6. Daftari na kalamu. Usiniambie utakumbuka. Hutakumbuka.

Tahadhari: vaa glavu, usile wala kunywa ndani, na hakikisha feni ya kutoa hewa inafanya kazi. Dawa ya kukazia iliyotumika ina fedha ndani yake, hivyo isimwagwe ovyo kwenye sinki. Mkabidhi fundi wa chumba.

KUCHAGUA VITU

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo tusiende mbio. Kabla hujapanga chochote, kishike kitu na ukiinue kwenye taa au dirishani. Jiulize: mwanga unapita? Utagundua vitu viko vya namna tatu.

Vipo visivyopitisha kabisa, kama ufunguo, sarafu, kijiko na yule twiga wangu. Hivi vinatoa umbo tu, kwa hiyo chagua chenye umbo linalojieleza. Ufunguo unajieleza. Uma unajieleza. Mkasi pia.

Vipo vinavyopitisha kidogo, kama karatasi nyembamba, jani kavu, ganda la kitunguu, khanga iliyochakaa, bilauri ya kioo. Hivi ndivyo vitajiri. Vinatoa kijivu cha kila daraja, na ndani yake utaona vitu ambavyo jicho lako halikuwahi kuviona.

Na vipo vyenye matundu, kama chujio la chai, wavu, kitana, lesi, bahasha yenye dirisha. Hivi vinakupa mpangilio wa mistari na nukta, na vinafaa kuwa tandiko la picha nzima.

Baada ya aibu ya twiga nilirudi nyumba yetu ya wanafunzi nikafungua ile droo ya jikoni ambayo kila nyumba ya kupanga inayo. Nikakuta chujio la chai, raba za kufungia mafungu ya mboga, tiketi za basi, betri zilizokufa, funguo mbili ambazo hakuna anayejua zinafungua wapi, na kadi nne za simu za kukwangua. Hizo kadi ziliachwa na waliotutangulia. Wakubwa zetu walizinunua ili kupiga simu nyumbani, wanakwangua namba kwa sarafu, sauti ya mashine inawaambia zimebaki dakika ngapi. Moja ilikuwa imekwanguliwa kwa nguvu mpaka plastiki ikachubuka. Niliposhika ile kadi nikajua kazi yangu imeanza. Hicho ndicho kilikuwa kitu cha kwetu, na sikuhitaji kukinunua sokoni.

Sisemi kinyago ni kibaya. Kama babu yako ni mchongaji, leta kinyago chake, ukisimamishe, ukiangazie kutoka ubavuni, kivuli kirefu kilale kwenye karatasi. Ninachosema ni kwamba usilete kitu ambacho hakijawahi kupita mikononi mwako eti kwa sababu kinatarajiwa. Fotogramu ni picha ya mguso. Ukipanga vitu usivyovijua, hutajua hata ukilaze upande gani.

HATUA KWA HATUA

Kwanza, kipande cha majaribio. Chukua kipande cha karatasi, upana wa vidole vitatu. Kifunike chote kwa kadibodi, acha sehemu ya tano tu wazi. Washa mwanga sekunde 2. Sogeza kadibodi, washa tena 2. Endelea hivyo hadi mwisho. Sasa una vipande vya sekunde 2, 4, 6, 8 na 10. Safisha. Tafuta mahali ambapo weusi umekamilika, yaani kipande kinachofuata hakikuzidi kwa weusi. Huo ndio muda wako. Wangu ulikuwa sekunde 8. Wako utategemea mashine na karatasi.

Pili, panga vitu kwanza kwenye karatasi ya kawaida, taa kubwa ikiwa inawaka. Chora alama kwa penseli. Ukizima taa kubwa, hamishia mpango wako juu ya karatasi ya picha, upande unaong'aa ukitazama juu. Kitu kilichogusa karatasi kinatoa ukingo mkali. Kilichoinuka kidogo kinatoa ukingo laini. Unaweza kukiinua kwa makusudi, kwa kukiweka juu ya kizibo cha chupa.

Tatu, mwanga. Usiutoe wote kwa mkupuo. Huu ndio ufundi ninaoupenda kuliko wote. Kama muda wako ni sekunde 8, toa 4 vitu vyote vikiwepo. Kisha ondoa chujio taratibu bila kutikisa vingine, toa 4 zilizobaki. Palipokuwa na chujio patakuwa kijivu, kama kitu kilichokuwepo kikaondoka. Ukigawa mara tatu au nne unapata tabaka juu ya tabaka.

Nne, dawa. Katika dawa ya kusafishia, karatasi ya plastiki inakaa kama dakika 1, ile ya nyuzi kama 2, kwenye joto la nyuzi 20 hivi. Tikisa trei polepole. Picha ikianza kujitokeza usiitoe kwa furaha. Iache imalize muda wake. Halafu dawa ya kusimamishia, sekunde 10 hadi 30. Halafu kukazia, na hapo tutasimama kidogo baadaye.

KARATASI INA MACHO YAKE: KISA CHA BARUA

Nilipoondoka nyumbani mama alinipa barua. Ni barua ambayo babu, yaani baba yake, alimwandikia alipokuwa shule ya bweni. Karatasi yenyewe ni ile nyembamba ya buluu ya barua za ndege, na imeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu. Babu nilikuwa simjui, alifariki kabla sijazaliwa. Mama aliniambia, "Ukichoka kusoma, isome hii. Ukiipoteza, mwanangu, usinirudie." Barua iliyosalia ni hiyo moja tu.

Nikaona hii ndiyo iwe moyo wa picha yangu: barua, kadi ya simu, ufunguo na chujio la chai. Nikaiingiza barua kwenye mfuko safi wa plastiki ili isipate tone la dawa, nikailaza juu ya karatasi, nikaweka kioo juu, nikatoa mwanga. Picha ilipojitokeza, ufunguo upo, chujio lipo, kadi ipo. Barua imetoka kama kipande cha kijivu chenye mikunjo. Hakuna neno hata moja.

Nilihangaika jioni nzima nikidhani mwanga umezidi. Kumbe sababu ni nyingine. Karatasi ya picha inaona buluu kuliko rangi zote. Wino wa buluu unapitisha mwanga wa buluu, kwa hiyo mbele ya karatasi ile wino huo ni kama haupo. Mwandiko mweusi unazuia mwanga wote, kwa hiyo ungetoka mweupe vizuri. Wekundu nao unazuia buluu, hivyo mhuri mwekundu unatoka mweupe kama chokaa. Ukiweka khanga yenye nyekundu na buluu utashangaa: nyekundu, ambayo kwa jicho ni nzito, na buluu, ambayo nayo ni nzito, zinatoka tofauti kabisa.

Mwenzangu akanishauri nitoe kivuli cha barua, yaani nakala ya mashine, nitumie hiyo. Nikajaribu. Wino wa mashine ni mweusi, kila herufi ikatoka safi. Lakini mikunjo imepotea, pembe iliyochanika haipo, alama ya kidole cha mafuta haipo. Ilikuwa barua ya ofisini. Nikaitupa.

Dawa yake ilikuwa filta ya njano, ile namba ya chini kabisa kwenye seti ya filta za mashine. Filta hiyo inazuia buluu na kupitisha kijani. Wino wa buluu hauupitishi sana mwanga wa kijani, kwa hiyo mwandiko ukaanza kuonekana. Muda nikauongeza karibu mara tatu. Weusi hauwi mkali kwa filta hiyo, picha inatoka ya kijivu zaidi, lakini mwandiko wa babu ulikuwepo, mwembamba, baadhi ya maneno yanasomeka na mengine hayasomeki.

Angalizo moja: barua ilazwe maandishi yakitazama juu, kwako. Ukiilaza kifudifudi ili wino uguse karatasi, herufi zitakuwa kali zaidi lakini zitasomeka kinyume, kama kwenye kioo. Na kazi zote za majaribio fanya na nakala au karatasi nyingine. Kitu kimoja kisicho na pacha kiingie mwishoni tu, wakati unajua unachofanya.

KUKAZA NA KUOSHA: MAHALI NILIPOUMIA

Sasa tusimame hapa. Baada ya kusafisha, zile chumvi za fedha ambazo hazikupata mwanga bado zimo ndani ya karatasi, mahali peupe. Ukitoka nazo nje zitaanza kugeuka rangi polepole. Dawa ya kukazia kazi yake ni kuziyeyusha na kuziondoa. Talbot mwenyewe tatizo lilikuwa hili. Picha zake za mwanzo alizituliza kwa maji ya chumvi nyingi, lakini hazikuwa imara sana. Ni rafiki yake John Herschel ambaye mwaka 1839 alionyesha kwamba haiposalfaiti, dawa aliyoichunguza tangu 1819, inaondoa chumvi hizo kweli. Mpaka leo dawa za kukazia ni za ukoo huohuo.

Mimi siku ile ilikuwa saa tano kasoro usiku, basi la mwisho linaondoka saa tano na robo. Trei ya kukazia ilikuwa imetumiwa na darasa zima tangu mchana. Nikaitumbukiza picha yangu, nikahesabu mpaka kumi, nikaisuuza chini ya bomba, nikakimbia. Kwa macho ilikuwa safi kabisa. Wiki hiyo kuna ndugu alikuwa anakwenda Dar es Salaam, nikampa ampelekee mama. Mama akaitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni mkabala na dirisha.

Baada ya miezi miwili mama akanitumia picha kwa simu. Ile kazi imekuwa ya manjano na kahawia, ina mabaka, na upande wa barua umefifia wote. Akaniuliza kwa upole, "Baba, hii ndiyo inavyotakiwa kuwa, au jua la huku limeiunguza?" Nilikosa la kusema. Jua halikuwa na kosa. Ni dakika chache nilizoiba mimi.

Kwa hiyo andikeni hizi kwa herufi kubwa. Dawa ya kukazia iwe mpya, na uhesabu umepitisha karatasi ngapi. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, maana dawa zinatofautiana, na ukipunguza umejiibia mwenyewe. Kisha osha kwa maji yanayotembea: karatasi ya plastiki dakika 2 hivi zinatosha, karatasi ya nyuzi hadi saa 1 kama hutumii dawa ya kusaidia kuosha. Dawa ya kukazia ikibaki ndani ya karatasi inageuka adui, inaanza kuila fedha ileile ya picha. Kama huna muda wa kuosha, usianze kusafisha. Rudi kesho.

BAADA YA KUKAUKA

Hapo sasa mikono ina uhuru wake. Kwa karatasi ya nyuzi, pika chai ya rangi nzito isiyo na sukari, iache ipoe, tumbukiza picha iliyooshwa vizuri, tazama kila dakika. Chai inaupaka weupe rangi ya malai. Rangi za mafuta za kupakia picha nazo hukaa vizuri kwenye karatasi isiyong'aa. Paka kidogo kwa pamba na uifute. Unaweza kushona kwa uzi na sindano juu ya picha, au kubandika kipande cha tiketi halisi pembeni ya kivuli chake. Mimi niliishonea khanga ukingoni. Shauri langu ni moja: ongeza kitu kimoja, kisha kaa nacho siku mbili kabla ya kuongeza cha pili. Wengi tunaharibu hapa kwa kushiba.

Na kama chuo chako hakina chumba cha giza? Usikate tamaa. Chukua karatasi hiyohiyo ya picha, laza juu yake jani bichi au ua, funika kwa kioo, weka juani kwa saa kadhaa bila dawa ya kusafishia. Jua lenyewe litaigeuza rangi, waridi, zambarau, hudhurungi, kutegemea karatasi. Ukishaikaza rangi zitapungua, kwa hiyo wengine huipiga picha kwanza. Huku majira ya baridi ni kazi ya kutwa. Ukirudi likizo nyumbani, jua lipo la kumwaga.

MWISHO

Niliirudia kazi yangu. Safari hii nilifika asubuhi, dawa mpya, karatasi ya nyuzi, nikaosha saa nzima nikiwa nimekaa kwenye ndoo nasoma mambo ya mtiririko wa maji. Nikaipeleka tena kwa mtu. Mama alipoipokea akapiga simu. Nilidhani atazungumzia mwandiko.

"Maneno siyaoni yote," akasema, "lakini hayo nayajua kwa moyo. Hii mikunjo ndiyo imenitoa machozi. Unaona imekunjwa mara tatu? Ndivyo ilivyoingia kwenye mkebe wa hesabu. Matroni alikuwa anasoma barua zetu, nikaificha chini ya bikari mpaka nikamaliza shule."

Nimeishi na barua ile miaka mitatu na sikuwahi kujiuliza juu ya mikunjo. Nilikuwa nikiisoma tu.

Basi ndugu zangu, wiki hii fungueni droo zenu. Chagueni vitu vitano, viinueni dirishani kimoja kimoja, muone mwanga unapita wapi. Mwenye swali anione siku ya kikao cha jumuiya, nitakuja na zile kadi za simu mzione. Twiga naye yupo, anazuia mlango wa chumba changu usijifunge. Kazi kwenu, na masomo mema.